Jumamosi Nne Dukani kwa Cornel

Kwa Jumamosi ya nne mfululizo, Mwanne alikuwa amesimama ndani ya duka la pikipiki la Cornel mjini Shinyanga, mkoba begani, akimtazama mumewe Muhidini aliyechutama mbele ya injini kama daktari mbele ya mgonjwa mahututi. Muhidini aligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Akanusa bomba la moshi. Akabonyeza siti, akaiachia, akaibonyeza tena. Kisha akainuka taratibu, mkono kiunoni, akatikisa kichwa.

"Mlio wake sijauamini."

"Mlio upi, Baba Shadya?" Mwanne aliuliza. "Haijawashwa hiyo."

"Ndiyo maana sijauamini."

Cornel alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye subira. Alikwishazoea wateja wanaokuja na fundi wao, na mjomba wao, na jirani wa fundi. Lakini Jumamosi hiyo hata yeye alikuwa ameanza kujikuna shingo.

"Mzee wangu, dawa ya mlio ni kuwasha," alisema, akimnyooshea ufunguo. "Ipande, zunguka nayo mpaka pale kwenye mnara wa simu, urudi. Ukirudi utaniambia."

Muhidini aliutazama ufunguo. Kisha akaitazama miguu yake.

"Leo nimevaa kandambili. Pikipiki haijaribiwi kwa kandambili."

Mwanne alifumba macho. Jumamosi iliyotangulia mumewe alikuwa amesahau miwani. Ile ya kabla yake alikuwa na kanzu, wametokea mazikoni. Ile ya kwanza kabisa lilikuwa goti, na goti lenyewe lilipona palepale walipofika kwenye kibanda cha chipsi.

"Basi nijaribu mimi," Mwanne alisema.

"Wewe?" Muhidini alishusha sauti na kumsogelea. "Mama Shadya, mke wa mtu azunguke mjini anajaribu pikipiki, mumewe amesimama hapa ameshika mkoba? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Mimi hapa Shinyanga simjui mtu."

"Wao wanatujua."

Wakarudi Maganzo mikono mitupu, kama Jumamosi zote.

Mwanne alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ya Mwamakala, kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani kwao Maganzo. Kiangazi njia ile ilikuwa vumbi na makorongo. Masika ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania kila kinachoukanyaga, kiatu, kwato au gurudumu. Kwa miaka sita alikuwa akipelekwa na Masele, dereva wa bodaboda, mtu mwema sana asiye na saa. Masele akikwambia kwenye simu, "Sista, nipo hapo kona," ujue bado hajanawa uso. Mwanne alifika kazini jua limepanda, akina mama wamejipanga ukutani na watoto wao wa kliniki, naye akawa anaianza kila siku kwa kuomba radhi. Alikuwa amechoka kuomba radhi kwa makosa ya Masele.

Kwa hiyo zamu yake ya kupokea ilipofika kwenye kikoba cha wanawake, walikochangiana fedha na kupeana kwa zamu, hakuwa na la kujiuliza. Alitaka pikipiki, na alijua ya namna gani. Alitaka ndogo, cc mia moja au mia na kumi, isiyokunywa mafuta. Alitaka siti ya chini, maana yeye ni mfupi na alitaka nyayo zake zote mbili zikanyage ardhi anaposimama, siyo kuning'inia kwa vidole gumba kama mtu anayechungulia ukuta. Alitaka mnyororo uliofunikwa wote, kwa kuwa alivaa gauni refu na baibui, na alikwishashona majeraha ya kutosha ya wanawake ambao nguo zao zilivutwa na mnyororo. Alitaka madigadi ya mbele iliyoinuka juu ya tairi, tope la mbuga lipite. Na alitaka kiki ya kuwashia kwa mguu, kwa siku betri itakapolala. Kuendesha alifundishwa na Melania, tabibu wa zahanati, kwa pikipiki chakavu ya kazini, na leseni alikuwa nayo tangu mwaka uliopita.

Tatizo ni kwamba Muhidini naye alijua.

Muhidini alikuwa na duka la vifaa pale Maganzo, anauza sululu, koleo, chekeche na tochi za kichwani kwa wachimbaji wadogo wa almasi. Lakini kabla ya duka, kabla hata hawajaoana, aliwahi kuishi miaka miwili Nkome, kule Geita, akifanya biashara ya dagaa. Hakuna mteja aliyenunua koleo pale dukani bila kuambiwa habari za Nkome. Jinsi walivyokuwa wakitoka ziwani alfajiri na magunia manne ya dagaa juu ya pikipiki moja. Jinsi alivyoupita mlima fulani kwa gia ya kwanza, gurudumu la mbele likinusa mawingu. Jinsi mnyororo ulivyokatika katikati ya pori, naye akauunga kwa waya wa uzio. Mwanne alikuwa amesikia hadithi hizo tangu akiwa mchumba. Ukweli ni kwamba zilimvutia. Alimwona mwanaume aliyetembea dunia.

Kwa hiyo aliposema nyumbani kwamba anataka pikipiki, alikuwa tayari kumsikiliza. Nani mwingine wa kumsikiliza? Muhidini akasema cc mia na hamsini ndiyo pikipiki, zilizobaki ni baiskeli zenye kelele. Walipofika kwa Cornel na Mwanne akapanda hiyo ya mia na hamsini, miguu ikabaki hewani, Muhidini akasema kweli, hii ni ya kubebea mkaa. Wakaonyeshwa ndogo. Muhidini akasema ndogo itapeperushwa na malori barabara kuu. Mwanne akamkumbusha kwamba njia ya Mwamakala haina malori, ina ng'ombe. Muhidini akasema hata ng'ombe. Jumamosi nyingine kosa likawa rangi, nyekundu inaita polisi. Nyingine kosa likawa taa. Na juu ya yote alikuwa ameweka sheria moja isiyopindishwa: nyumba yake hainunui chombo ambacho yeye mwenyewe hajakijaribu barabarani.

Mwanne alipoitafakari sheria hiyo usiku ule wa kandambili, alihisi kichwa kinamgonga. Pikipiki hainunuliwi mpaka ijaribiwe. Wa kujaribu ni mmoja tu. Na huyo mmoja hajaribu.

Idi iliangukia katikati ya juma. Muhidini alikuwa bado hajarudi msikitini simu yake ilipoita juu ya meza, ikaandika jina la Bujiku wa Nkome. Mwanne aliipokea. Bujiku hakuwa Mwislamu, lakini kila Idi alipiga kutoa mkono wa sikukuu, na kila Krismasi Muhidini alimrudishia.

"Shikamoo, shemeji," Mwanne alisema.

"Marahaba, shemeji yangu! Mnakula pilau bila sisi?"

Wakaongea. Neno likaleta neno, na Mwanne, ambaye kifua kilikuwa kimejaa, akajikuta anamsimulia habari za kwa Cornel. Bujiku akacheka.

"Sasa si mngeniambia? Mimi hapa nina kapikipiki kadogo, cc mia moja, nimekatumia miaka mitatu. Nataka kukauza, nimenunua kakubwa ka kubebea mizigo. Njoni mkaone. Undugu siyo kufaana?"

Mwanne aliona mlango umefunguka. Pikipiki ya rafiki, mahali ambapo mumewe alikuwa bingwa, kwenye barabara zilezile. Angetoa udhuru gani?

Alikuwa nazo nyudhuru tele. Muhidini aliporudi na kuambiwa, tonge la pilau lilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Nkome? Nkome ni mbali, Mama Shadya."

"Siku hizi kuna daraja pale Kigongo. Tunashuka Usagara, tunapanda basi la Geita, alasiri tumefika."

"Kitu cha mkononi hicho. Hujui kimepitia nini."

"Kimepitia kwa rafiki yako wa miaka ishirini na tano."

Muhidini akatafuna, akafikiri. "Halafu pikipiki za ziwani zinaliwa na chumvi."

Mwanne aliweka kijiko chini. "Ziwa letu lina chumvi tangu lini?"

Siku mbili hizo mumewe hakuwa na raha. Alikumbuka mzigo wa chekeche unaotarajiwa kutoka Mwanza. Alipata kikohozi. Mwanne, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anaumwa na nani hataki kwenda, alimpa maji ya tangawizi na kumwambia kwamba Ijumaa ameomba ruhusa kazini, na basi linaondoka saa kumi na mbili.

Walifika Nkome alasiri ya Ijumaa. Ufukwe mzima ulikuwa umetandazwa dagaa juu ya nyavu, wanang'aa kama misumari mipya, na wanawake wakiwageuza kwa fagio. Bujiku aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mnene, ana kicheko kinachoanzia tumboni, na neno lake la kwanza lilimshangaza Mwanne.

"Konda! Konda wangu huyo! Wabeja, asanteni kufika!"

Muhidini alikohoa. "Bujiku, tumechoka. Tupe kwanza maji."

"Kwa nini Konda?" Mwanne aliuliza.

"Hajakwambia? Si alikuwa konda wangu!" Bujiku alikuwa na furaha ya kweli, hakuwa na hila yoyote. "Mimi naendesha, yeye nyuma juu ya magunia, kayakumbatia kama bibi harusi. Tukifika sokoni yeye ndiye anaita wateja. Sauti alikuwa nayo huyu! Geita nzima ilikuwa inamjua."

"Na yeye alikuwa anaendesha lini?"

"Nani, Konda?" Bujiku alimgeukia Muhidini, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Shemeji, nilimfundisha siku moja tu. Hapo hapo ufukweni. Nikamwambia achia klachi polepole. Akaiachia kama kaa la moto, akaenda moja kwa moja ziwani, yeye na pikipiki na kapu la mtu la sangara. Pikipiki tuliitoa. Yeye tulimtoa. Lakini uthubutu wake ulibaki humohumo majini."

Hakuna aliyecheka ila yeye. Ilimchukua muda kuona. Alipoziona nyuso zao, kicheko kikaisha, akasema ataenda kuangalia kama chai imeiva, akaenda.

Mwanne alihesabu kwanza kimoyomoyo. Jumamosi nne. Goti, kanzu, miwani, kandambili. Mlio wa injini iliyozimwa. Alimwangalia mumewe, naye Muhidini alikuwa anawaangalia dagaa kwa makini makubwa, kama anayewanunua.

Bujiku aliporudi aliitoa pikipiki yake uani, akasimama nayo katikati yao, hajui amkabidhi nani. "Sasa nani ndiye mpandaji?"

"Mimi," alisema Mwanne.

"Haya, chukua."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Bujiku hakuuliza watu watasema nini. Mwanne alikusanya baibui lake, akalifunga pembeni ya goti, akapiga kiki mara mbili, akatoka. Alipita kwenye njia ya mchanga mpaka kwenye maduka, akapanda kilima, akageuza, akateremka. Watu walimtazama kidogo kisha wakaendelea na dagaa wao. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni, na hasira aliyokuwa nayo ikampa umakini ambao hakuwahi kuwa nao. Alihisi kila kitu. Alihisi kwamba siti ilimfaa, na injini ilikuwa nzima. Alihisi pia kwamba kila alipolegeza mikono, pikipiki ilikwenda kushoto yenyewe.

"Uma wa mbele umepinda, shemeji," alimwambia Bujiku aliposhuka. "Inavuta."

Bujiku alikuna kichwa. "Nilianguka nayo mwaka juzi. Nikadhani fundi kaimaliza." Akaifikiria. "Basi usiichukue. Wewe unabeba chanjo za watoto, mimi nabeba samaki waliokwisha kufa."

Mwanne akampenda kwa neno hilo. Walikula sangara na ugali, wakalala. Mume na mke hawakusemezana ila kwa mambo ya chandarua.

Asubuhi, wakati Bujiku amekwenda kupokea mitumbwi, Mwanne alimkuta mumewe ameketi kwenye kisiki nyuma ya nyumba. Alisimama mbele yake.

"Jumamosi nne, Baba Shadya."

"Najua."

"Hujui. Jumatatu mpaka Ijumaa nipo Mwamakala. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua, ya kulala, ya kuongea na Shadya chuoni kwake nikiwa na akili. Nimezitoa nne nikakutazama unanusa bomba la moshi. Umemfanya Cornel atuone vichaa. Ungesema neno moja tu, sijui kuendesha, tungemaliza siku ya kwanza."

"Niliona aibu."

"Aibu gani? Nusu ya wanaume wa Maganzo hawajui kuendesha. Shehe hajui."

Muhidini aliokota kijiti akaanza kukivunjavunja. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kwa dakika ile alionekana mkubwa zaidi.

"Siyo aibu ya kutojua," alisema mwishowe. "Kutojua nimekuzoea. Ni aibu ya kwamba wewe unajua. Siku ile umerudi na leseni, umeiweka mezani, umefurahi. Nikasema hongera. Usiku nikawaza, huyu sasa kila nikisimulia habari za Nkome atanisikiliza kwa sikio lingine. Atasikia makosa. Nikasema, akinunua hiyo pikipiki, siku ya kwanza tu ataniambia, haya Baba Shadya, twende, shika wewe. Na mimi nitasema nini?"

Mwanne alitaka hasira yake ibaki ilivyokuwa, imara, yenye haki. Ilibaki, lakini ilipata tundu.

"Kwa hiyo umeona bora nisinunue kabisa."

"Nilitaka tuchelewe kidogo."

"Tuchelewe mpaka lini?"

Pengine hata Muhidini mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Mwanne alimwambia kwamba Jumamosi ijayo anakwenda Shinyanga, na kwamba yeye akitaka aje, akitaka abaki, lakini akija asiguse hata pikipiki moja, asinuse chochote, na asiseme neno lolote kuhusu mlio.

Alikuja. Mwanne hakutegemea, lakini saa mbili asubuhi alimkuta amevaa viatu vya kufunga kamba, anasubiri mlangoni.

Cornel alipowaona wanaingia uso wake ulianguka, kisha akaupandisha kwa adabu ya biashara. Kwa mazoea akachukua ufunguo ukutani, akamnyooshea Muhidini. Muhidini aliweka mikono yake nyuma.

"Mpe mwenyewe," alisema. "Mimi siendeshi. Sijui."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya Cornel na mbele ya wateja wawili waliokuwa wakipima kofia ngumu. Hakuna aliyegeuka. Mwanne aliona jinsi mumewe alivyongoja mtu ageuke, na jinsi alivyoshangaa.

Nyuma ya duka kulikuwa na kiwanja chenye changarawe na mtaro. Mwanne alijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, lakini madigadi yake ilikumbatia tairi, akaiona tayari imeziba tope, yeye amechuchumaa katikati ya mbuga akichokoa kwa fimbo. Ya pili ilikuwa nyepesi mno kwenye usukani, ikirukaruka kwenye changarawe kama mbuzi. Ya tatu ilikuwa cc mia na kumi, mnyororo wote ndani ya kifuniko cha chuma, keria pana nyuma, kiki na selfu ya kuwashia kwa kitufe, vyote vipo. Alipovuka nayo mtaro ilizama na kuinuka kwa utulivu. Aliposimama, nyayo zake zote mbili zilikanyaga chini.

"Hiyo, mama, ni pikipiki ya wazee," Cornel alimwambia kwa nia njema. "Makatekista ndio wananunua. Na imebaki rangi hiyo tu ya maini."

"Spea zake Maganzo zipo?"

"Mpaka gengeni zipo."

"Basi nifungie hiyo ya maini."

Muhidini alifungua mdomo. Mwanne alimtazama. Muhidini aliufunga.

Ilichukua siku tisa namba na kadi kutoka. Siku ya kumi Mwanne aliwahi kazini kabla ya Melania, akafungua dirisha, akapanga kadi za watoto, akakaa akiwasubiri akina mama. Wa kwanza alipofika alishtuka, akadhani amechelewa yeye.

Nyumbani haikuwa rahisi. Muhidini alikataa kupakiwa. Alisema anapenda kutembea, ni afya. Kwa majuma mawili alikwenda msikitini, sokoni na dukani kwa miguu, jasho linamtoka, huku pikipiki ikiwa kivulini. Kisha jioni moja, wakinywa chai, akauliza kama anayeuliza habari za mvua, "Hivi hiyo klachi, unaiachia kabla ya mafuta au baada?"

Mwanne alimpeleka kwenye uwanda wa malisho nje ya mji. Alikuwa amefundisha wanawake wa mimba ya kwanza kusukuma na kupumua, tena usiku wa mvua, tena taa imezimika, lakini hajawahi kukutana na mwanafunzi kama mumewe. Muhidini alizima injini mara kumi na saba. Kila ikizimika alikuwa na maelezo, ya upepo, ya mafuta, ya kichuguu. Aliambiwa atazame mbele, akatazama gia. Aliambiwa ashike breki, akashika honi. Aliitumbukiza kwenye kichaka cha miiba na kumlaumu Mwanne kwa kukiacha pale. Mwanne alikaa chini kwenye nyasi, akakunja baibui magotini, akasema, "Ondoka tena," na "Ondoka tena," mpaka sauti ikakauka.

Jumapili ya tatu akaondoka kweli. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanda, akageuka bila kuanguka, akarudi ameinua kidevu. Alipofika karibu hakukumbuka namna ya kusimama, akampita, akazunguka mara mbili zaidi akipiga kelele, ndipo akasimama.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona."

Alipata leseni yake kabla masika hayajakaza. Mwanne alifurahi kwa moyo mweupe, na furaha hiyo ikadumu kiasi cha juma moja.

Jumatatu iliyofuata aliamka, akaoga, akavaa sare, akafungasha kibebea chanjo cha siku ya kliniki, maana friji ya zahanati ilikuwa imeharibika na chanjo zililala kwenye friji ya nyumbani, akatoka nje. Kivuli kilikuwepo. Pikipiki haikuwepo. Simu ya Muhidini iliita mpaka ikakata. Jirani aliyekuwa akifagia alimwambia amemwona Baba Shadya akielekea Mwadui, amependeza, amevaa na kofia ngumu.

Mwanne alitundika mkoba begani, akachukua kibebea chanjo, akatembea mpaka barabara kuu, akasimama karibu na kijiwe cha bodaboda. Barafu ndani ya kiboksi haikuwa na muda wa mapenzi ya mtu. Masele alimwona, akamwambia yupo tayari, dakika mbili tu amalizie chai. Mwanne aliangalia upande wa Mwadui.

Muhidini alitokea saa mbili na robo, mwendo wa polepole, mgongo umenyooka, akiwainulia mkono wote anaowajua na asiowajua. Alipomwona mkewe aliinua mkono pia. Kisha akamwona uso, akashusha mkono. Mara hii alikumbuka kusimama.

"Nilikwenda mara moja tu kumwona mteja wa koleo," alisema. "Nikasema nitawahi kurudi kabla hujaamka."

"Mteja wa koleo saa kumi na mbili asubuhi."

"Njia ilikuwa nzuri, Mama Shadya. Nikaendelea kidogo."

Madereva wote wa bodaboda walikuwa wanasikiliza. Mwanne alikuwa na maneno mengi, mengine aliyahifadhi tangu Jumamosi ya goti, na aliyahisi yamepanga foleni kooni. Lakini chanjo zilikuwa mkononi.

"Shuka. Nipe ufunguo."

Muhidini alishuka. Mwanne alifunga kibebea chanjo kwenye keria, kwa mpira, mafundo mawili. Alivaa kofia, akakaa mbele, akawasha. Kisha akageuza shingo.

"Panda. Duka lako liko njiani, na wateja wako wamesimama juani."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Baba Shadya, nina watoto arobaini wananingoja."

Muhidini aliwatazama madereva wa bodaboda, akaitazama barabara. Kisha alipanda, akajibana kati ya mkewe na kiboksi, magoti yamechomoza nje, akashika siti kwa mikono miwili. Wakapita katikati ya Maganzo. Wapo waliotazama, kwa sababu ilikuwa Jumatatu na watu walikuwa nje. Mwuza magunia aliwapungia. Shehe, aliyekuwa akinunua maandazi, aliwasalimia, naye Muhidini akaitikia salamu kwa heshima zote huku akipitishwa.

"Punguza hapo, kuna shimo," alisema nyuma ya sikio lake.

"Nimeliona."

"Shika breki ya nyuma kwanza, siyo ya mbele."

Mwanne alisimamisha pikipiki mbele ya duka, kwa breki zote mbili. "Teremka."

Akateremka, akafungua kufuli, akaanza kutoa sululu nje. Mwanne alitia gia. Alifika Mwamakala amechelewa dakika arobaini, akamkuta Melania amekwisha kuanza kupima uzito, akaingia kwa kuomba radhi.